Padre Mapera na wanafunzi aliowaacha

Kila mkatekumeni wa vijiji vyetu amekwisha kusikia majina ya Mashahidi wa Uganda. Karoli Lwanga, Kizito, Matia Mulumba Kalemba: majina hayo tunawapa watoto wetu siku ya ubatizo, na sanamu zao zimo katika makanisa mengi. Lakini yule aliyewafundisha sala ya Baba Yetu hatajwi mara nyingi. Yeye hakuuawa pamoja nao. Alikufa kitandani kwa homa, na Kanisa halikumweka katika hesabu ya watakatifu wanaoheshimiwa altareni. Hata hivyo, wakatekumeni wapenzi, maisha yake yanawahusu ninyi kuliko mnavyodhani, hasa ninyi mkaao mbali na misioni, ambao Padre huwafikia mara chache tu kwa mwaka, naye hana budi kuondoka tena kabla hamjashiba mafundisho yake.

Jina lake ni Siméon Lourdel. Alizaliwa tarehe 20 Desemba 1853 katika kijiji cha Dury, kaskazini mwa Ufaransa, si mbali na mji wa Arras. Watu wa kwao walikuwa wakulima. Alipokuwa kijana alisikia habari za shirika jipya ambalo Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers alilianzisha mwaka 1868 kwa ajili ya Afrika, yaani shirika la Mapadri Weupe, akaenda kuomba kupokewa. Akapewa upadri tarehe 2 Aprili 1877, akiwa na umri wa miaka 23. Mwaka mmoja tu baadaye akapewa safari ambayo wengi walioianza hawakurudi.

Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Mapadri Weupe ulitoka Bagamoyo, ukaingia bara. Walikwenda kwa miguu, pamoja na wapagazi wengi, katika njia ile ile waliyoipita wafanya biashara wa pembe na wa watumwa. Homa iliwapiga. Padre Pascal, aliyewekwa awe mkubwa wa kundi la Tanganyika, alikufa njiani. Walipofika Tabora wakagawanyika. Wengine wakashika njia ya magharibi kwenda Ziwa Tanganyika, na kutoka huko wenzao wakavuka maji hata nchi yetu ya Kongo. Basi waliotuletea imani sisi wa pande za mashariki, na hao walioipeleka Uganda, walikuwa watu wa msafara mmoja na wa shirika moja. Wengine watano wakashika njia ya kaskazini: Padre Livinhac aliyekuwa mkubwa wao, Padre Girault, Padre Barbot, Padre Lourdel, na Bruda Amans.

Mwisho wa mwaka huo wakafika upande wa kusini wa Ziwa Viktoria. Padre Livinhac akamchagua Lourdel atangulie pamoja na Bruda Amans kumwomba mfalme wa Buganda ruhusa. Wakasafiri katika mtumbwi, wakashuka Kigungu, karibu na Entebbe, tarehe 17 Februari 1879. Mfalme, aliyeitwa Mutesa, akawapokea, akatuma mitumbwi iwalete wenzao waliobaki ng'ambo. Waganda, waliposikia wageni wakiitana kwa Kifaransa „mon Père“, wakalifanya neno hilo kuwa jina la Lourdel, wakamwita Mapera. Hata leo watu wa Uganda wanalijua kwa jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Mutesa alikuwa mtu mwenye akili nyingi na mwenye hila nyingi. Barazani pake walikuwapo Waarabu wenye dini ya Islamu, walikuwapo Waingereza Waprotestanti waliotangulia kufika mwaka 1877, na sasa wakaja Wakatoliki. Mfalme alipenda kuwasikiliza wote wakishindana mbele yake, akimsifu leo huyu na kesho yule. Mashindano hayo hayakuwajengea Wakristo heshima, nasi tukiyasoma leo twahuzunika. Lourdel alikuwa mwepesi wa maneno, tena mwenye moyo wa moto, wala hakujificha. Lakini kazi yake kubwa haikuwa barazani. Ilikuwa katika nyumba ya miti na nyasi ambamo watu walikuja kwake mmoja mmoja, wengine usiku, kujifunza.

Wengi wa watu wa ikulu walikuwa wakijua Kiswahili kwa sababu ya kuzoeana na Waarabu, hata mafundisho ya kwanza yalifanywa kwa sehemu kubwa katika lugha hii hii mnayoisoma sasa, mpaka Mapadri walipojua Kiganda vizuri. Waliojifunza dini waliitwa wasomaji, kwa maana kusoma na kusali vilikwenda pamoja. Lourdel alikuwa pia na dawa kidogo, akawauguza wagonjwa. Alikuwa na subira kwa wajinga, ijapokuwa kwa tabia yake hakuwa mtu wa subira. Nadhani hilo nalo ni fundisho alilowapa bila kulitaja.

Tarehe 27 Machi 1880, Jumamosi Takatifu, watu wanne wa kwanza wakabatizwa. Lakini Lavigerie alipopata habari akaona kwamba haifai kuharakisha. Akaweka sheria ya miaka minne ya mafundisho, isipokuwa mtu akiwa katika hatari ya kufa. Najua wako wakatekumeni wanaonung'unika kwamba miaka ya kungoja ni mingi mno. Basi wajue kwamba sheria hiyo haikutungwa kwa kuwadharau. Lavigerie alitaka Mkristo awe mtu awezaye kusimama hata siku ile mwalimu asipokuwapo. Na siku hiyo ilikuwa karibu.

Mwaka 1882 ulikuwa mwaka wa mavuno. Tarehe 30 Aprili walibatizwa, pamoja na wengine, Yosefu Mukasa na Andrea Kaggwa. Mukasa alikuwa mtumishi wa mfalme, kijana mpole aliyemwuguza Mutesa katika ugonjwa wake. Kaggwa aliletwa Buganda utotoni kama mateka kutoka Bunyoro, naye alikuwa mkubwa wa wapiga ngoma wa mfalme. Kisha tarehe 28 Mei, siku ya Pentekoste, wakabatizwa Luka Banabakintu na Matia Kalemba. Huyu Kalemba alikuwa mtu mzima mwenye cheo, asili yake Busoga. Alikuwa ameutafuta ukweli kwa muda mrefu: kwanza alifuata Islamu, kisha akasoma kwa Waprotestanti, mwisho akaja kwa Mapera. Alipoamua, aliamua kabisa. Akabaki na mke mmoja, akawaacha wengine wakiwa wametunzwa. Akaanza kubeba mizigo yake mwenyewe na kufanya kazi kwa mikono yake, jambo la aibu kwa mtu mkubwa wa nchi ile. Wenzake wakamcheka, naye hakujali.

Basi mambo yalikuwa mazuri hivyo, ndipo likaja neno la kuondoka.

Moyo wa Mutesa ulikuwa umegeuka. Maadui wa Mapadri walikuwa wamepata sikio lake, na hatari iliwazunguka watoto waliokombolewa utumwani ambao misioni iliwalea. Padre Livinhac, ambaye mzigo wote ulikuwa juu yake, akaona kwamba wakikaa wanaweza kupoteza yote, na watoto pamoja. Akakata shauri kwamba waondoke kwa muda. Mwezi wa Novemba 1882, miezi sita tu baada ya ile Pentekoste, Mapadri wakapakia watoto na vitu vyao katika mitumbwi, wakavuka ziwa kwenda kusini. Huko, katika nchi ya Wasukuma, wakafanya makao Bukumbi. Lourdel akatii. Kwa mtu wa moyo wa namna ile, utii huo haukuwa mwepesi.

Fikirini walivyobaki wale waliobatizwa. Hakuna Misa. Hakuna wa kuwaungamisha. Wengi wao walikuwa hawajatimiza mwaka mmoja tangu kubatizwa, nao walikuwa wachache katikati ya nchi kubwa, chini ya mfalme aliyeweza kumwua mtu kwa neno moja. Mwalimu ameondoka, wala hakuna ajuaye kama atarudi. Mtu wa akili ya kibinadamu angesema kwamba baada ya mwaka mmoja pasingebaki hata ishara ya msalaba.

Tena fundisho la kuagana halikuhitaji maneno mapya. Mwalimu anayeondoka ghafula hawezi kumaliza kwa siku moja yale ambayo hakuyaweka katika miaka mitatu. Kama amewazoesha wanafunzi kumtegemea yeye, akiondoka wanaanguka. Mapera alikuwa amewapa sala wanazozijua kwa moyo, ili wazisali hata wakiwa njiani au gizani. Alikuwa amewafundisha jinsi ya kumbatiza mtu anayekufa. Alikuwa amewaonyesha ya kwamba ajuaye sura moja ya katekismu ana deni kwa yule asiyejua hata moja. Hayo ndiyo waliyobaki nayo, nayo yakatosha.

Katika ikulu Yosefu Mukasa akawakusanya vijana watumishi wa mfalme, akawa kwao kama kaka na baba. Aliwafundisha usiku, aliwapatanisha walipogombana, aliwalinda na mambo mabaya ya ikulu. Karibu na mji wa mfalme nyumba ya Andrea Kaggwa ikawa mahali pa sala na mafundisho. Hata watoto wa Katikkiro, yaani waziri mkuu, walikuja kwake kujifunza, na baba yao hakumsamehe. Mbali huko magharibi, Mityana, zaidi ya kilometa 60 kutoka mji mkuu, Matia Kalemba na Luka Banabakintu wakaanzisha kundi la tatu. Huko alikuwapo mfinyanzi mmoja, Noa Mawaggali, mtu maskini aliyewatengenezea watu vyungu vyao, naye akaingia katika mafundisho. Hakuna aliyewaandikia barua ya kuwaweka kuwa makatekista. Walifanya hivyo kwa sababu kazi ilikuwapo, na mwenye kazi hakuwapo.

Mutesa alikufa Oktoba 1884. Mwanawe Mwanga akatawala, kijana bado, aliyewahi kupendezwa na mafundisho ya Mapadri, akawaita warudi. Julai 1885 Padre Lourdel, pamoja na Padre Giraud na Bruda Amans, wakashuka tena katika nchi ya Buganda. Alikuwa ameacha Wakristo wachache kama mbegu za kiganjani. Akakuta kundi kubwa kupita lile aliloliacha, watu asiowajua hata kwa sura, nao wanasali sala zile zile. Wale aliowafundisha walikuwa wamekwisha kuwa walimu, na wanafunzi wao nao wameanza kufundisha. Wako wamisionari ambao huingiwa na wivu kidogo wakiona kazi imekwenda vizuri bila wao. Lourdel hakuingiwa nao. Alifurahi, akaanza kazi ya kuwajaribu na kuwatayarisha hao wapya kwa ubatizo.

Furaha hiyo ilidumu miezi minne tu. Mwanga alikuwa mwenye hofu, tena mwenye tamaa chafu zilizowahatarisha vijana wa ikulu. Yosefu Mukasa, aliyekuwa sasa mkubwa wa vijana hao, akawaficha na kuwakinga. Mwishoni mwa Oktoba 1885 mfalme akamwua askofu Mwanglikana, James Hannington, alipokuwa Busoga njiani kuja Buganda. Mukasa akathubutu kumlaumu kwa kuwaua wageni. Likaongezwa jambo jingine la kusikitisha. Mwanga alipatwa na ugonjwa wa macho, Lourdel akampa dawa, na dawa hiyo ikamtia kichefuchefu. Maadui wakanong'ona kwamba ni sumu, na kwamba Mukasa anajua. Basi ile huruma ya mwalimu kwa mgonjwa ikageuzwa kuwa shitaka la kumwulia mwanafunzi wake. Jumapili tarehe 15 Novemba 1885 Mukasa akauawa. Kabla ya kufa alimtumia mfalme neno la kwamba amemsamehe, lakini atubu. Mnyongaji mwenyewe alimhurumia, akamkata kichwa kwanza ndipo akamtia motoni, asiteseke.

Je, wakatekumeni walikimbia? Usiku ule ule wakaja misioni kuomba ubatizo. Wa mbele wao alikuwa Karoli Lwanga, mtu wa nguvu na mwenye utulivu, aliyekuwa mkono wa kuume wa Mukasa. Katika siku zilizofuata Mapadri waliwabatiza wengi, usiku na alfajiri, wakijua kwamba hatari ya kufa iliyotajwa katika sheria ya Lavigerie sasa imekuwa hatari ya wote.

Lwanga akashika mahali pa Mukasa kati ya vijana. Mmoja wao alikuwa Kizito, mtoto wa miaka 14 hivi. Kizito alimsumbua sana Padre Lourdel kwa kuomba ubatizo. Padre alimpenda, lakini alimwona bado mdogo, akamwambia angoje. Mtoto akarudi tena na tena. Mwisho Padre akamwahidi kwamba siku si nyingi atapata. Lakini siku hazikuwapo.

Mwezi wa Mei 1886 ghadhabu ya Mwanga ikalipuka. Alimkuta kijana Dionisi Sebuggwawo akitoka kufundisha dini kwa mwenzake, mtoto wa Katikkiro, akampiga kwa mkuki, na yule kijana akauawa. Usiku ule milango ya ikulu ikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia. Ndani vijana walijua linalokuja. Padre hakuweza kuwafikia. Hapo Karoli Lwanga, aliyebatizwa mwenyewe miezi sita tu iliyopita, akafanya lile ambalo Mapera aliwafundisha wazee wake kabla ya kuondoka mwaka 1882: akatwaa maji, akawabatiza wakatekumeni wanne, na Kizito mmoja wao. Ubatizo ambao mwalimu aliuahirisha ulitolewa na mwanafunzi.

Asubuhi, tarehe 26 Mei, Padre Lourdel akaenda upesi ikulu kumsihi mfalme. Wakamzuia. Akakaa langoni, akangoja. Ndani alisikia hukumu ikipita. Kisha vijana wakatolewa nje wamefungwa, wakubwa pamoja na wakubwa, wadogo pamoja na wadogo, wakapitishwa karibu naye, karibu hata angaliweza kuwagusa. Hakuruhusiwa kusema nao. Kizito alikuwa akicheka kana kwamba anakwenda kucheza. Padre akainua mkono kuwapa maondoleo, lakini uchungu ulikuwa umemzidi, naye alihitaji kuegemea. Ndipo mmoja aliyefungwa, Yakobo Buzabaliawo, akamwona jinsi alivyo. Akainua mikono yake pamoja na kamba zake, akaonyesha juu mbinguni, kama amwulizaye mwalimu wake kwa nini anahuzunika, na hali wanakwenda kule alikowafundisha yeye mwenyewe.

Hivyo ndivyo walivyoagana. Safari hii waliondoka wanafunzi, mwalimu akabaki, na aliyefundisha si Padre.

Siku ile ile Andrea Kaggwa akauawa Munyonyo. Katikkiro, ambaye watoto wake walifundishwa naye, alikuwa amesema hatakula mpaka aone mkono wake umekatwa. Matia Kalemba akakatwa viungo juu ya kilima cha Kampala, akaachwa peke yake afe polepole. Huko Mityana Noa mfinyanzi akauawa tarehe 31 Mei. Dada yake, Munaku, ambaye alikuwa mkatekumeni tu, hakukimbia. Alitekwa, akakataa kuwa mke wa aliyemteka, mwisho akakombolewa, akabatizwa, akaishi miaka yake yote bila kuolewa, akiitumikia misioni. Ninyi akina mama na wasichana mnaojifunza, mkumbukeni na huyo.

Tarehe 3 Juni 1886, sikukuu ya Kupaa Bwana, moto mkubwa ukawashwa Namugongo. Karoli Lwanga aliteketezwa peke yake, mahali pa mbali kidogo na wenzake. Kizito, aliyebatizwa siku nane tu, akafa pamoja na wengine. Walikuwamo Waanglikana pia katika moto huo, nao wakamtaja Yesu yule yule. Wakatoliki waliouawa katika dhuluma ile, tangu Mukasa mpaka Yohana Maria Muzeyi aliyeuawa Januari 1887, ni 22.

Lourdel akabaki Buganda. Huenda mtu akadhani kwamba moyo wake ulijaa chuki kwa Mwanga. Sikilizeni yaliyofuata. Mwaka 1888 Mwanga akaondolewa katika ufalme. Baada ya mwezi hivi watu wa Islamu wakashika nchi, wakawafunga Mapadri na Waingereza, kisha wakawafukuza kwa mashua. Huko ziwani kiboko akaivunja mashua yao, na baadhi ya watoto wa misioni wakafa maji. Kwa mara ya pili Mapera akaondoka bila kutaka, kwa mara ya pili akafika Bukumbi. Wakristo wengi wakakimbilia upande wa Ankole, tena bila Padre.

Kabla mwaka haujaisha, mtu mmoja akaja Bukumbi kutafuta mahali pa kulala. Alikuwa Mwanga, amefukuzwa, amenyang'anywa, hana rafiki. Akaja kwa wale ambao aliwachomea watoto wao. Mapadri wakampokea, wakampa nyumba na chakula. Wakristo waliokuwapo waliona. Wengine kati yao walikuwa na ndugu zao waliokufa Namugongo, nao wakaona Mapera akimtumikia mtu yule. Mimi ninaposoma habari hizi naona kwamba hilo lilikuwa fundisho zito kupita yote aliyowahi kutoa, na pengine lilikuwa gumu zaidi kwa mwalimu kuliko kwa wanafunzi. Yosefu Mukasa alikuwa amelitangulia kwa miaka mitatu, katika ule ujumbe wa msamaha aliomtumia mfalme.

Wakristo walimsaidia Mwanga kurudi katika ufalme mwaka 1889, na baada ya vita vingine akakaa imara mwanzoni mwa 1890. Lourdel akarudi pamoja naye. Mji ulikuwa umeharibika, watu walikuwa na njaa, na wakatekumeni walikuja kwa makundi hata Mapadri wachache wasiweze kuwafundisha wote. Padre Livinhac, ambaye sasa alikuwa Askofu, alichaguliwa kuwa mkubwa wa shirika lote, akaitwa Algiers. Mzigo wa Buganda ukamlemea Mapera. Alifanya kazi miezi michache. Homa ikamshika, akafa Rubaga tarehe 12 Mei 1890. Alikuwa na umri wa miaka 36.

Kwa mara ya tatu akawaacha wanafunzi wake ghafula. Lakini sasa hawakuwa wachache, wala hawakuwa wageni wa jambo hilo. Makatekista wakaendelea kwenda vijijini.

Miaka 30 baadaye, tarehe 6 Juni 1920, Baba Mtakatifu Benedikto wa 15 aliwatangaza Mashahidi wa Uganda kuwa wenye heri, na tarehe 18 Oktoba 1964 Baba Mtakatifu Paulo wa 6 akawatangaza kuwa watakatifu. Katika ile siku ya mwaka 1920 walikuwapo Roma Waganda wawili wazee. Mmoja aliitwa Dionisi Kamyuka. Alikuwa mmoja wa vijana waliofungwa kamba na kupitishwa mbele ya Padre Lourdel pale langoni, akapelekwa Namugongo, na dakika ya mwisho mnyongaji akamtoa kando ya moto pamoja na wengine wawili. Yeye ndiye aliyeyaona mambo hayo kwa macho yake, akayasimulia mpaka uzee wake.